Je, Virchow aliacha udaktari akaingia siasa?

Swali: Shikamoo Daktari. Niko mwaka wa tatu wa udaktari. Virchow namjua kwa vitu viwili vya mtihani: tezi inayovimba juu ya mtulinga wa kushoto, na yale mambo matatu yanayogandisha damu ndani ya mshipa. Juzi mwenzangu kaniambia huyo bwana alikuwa pia mbunge, tena eti Bismarck alimtaka wapigane naye akachagua soseji badala ya bastola. Ni kweli? Na kama ni kweli, ilikuwaje akaacha udaktari akaingia siasa? Nauliza kwa sababu hata mimi napenda uongozi, ila nyumbani wananiambia daktari hachanganyi mambo.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na soseji, maana nahisi ndiyo iliyokufanya ushike kalamu.

Bismarck, Waziri Mkuu wa Prussia, kumtaka Virchow wapigane ni kweli. Ilikuwa Juni 1865, katika Bunge la Prussia, dola la Kijerumani lenye makao yake Berlin, wakijadili fedha za jeshi la majini. Virchow alisema kwamba kama Waziri Mkuu ameisoma kweli ripoti ya kamati, basi yeye hajui aufikirieje ukweli wa mtu huyo. Kwa lugha yetu, alimwita mwongo, ila kwa adabu ya bungeni. Kesho yake Bismarck akatuma mjumbe: wakutane kwa silaha, mmoja kwa mmoja, kama waungwana wa Ujerumani walivyomaliza ugomvi wa heshima siku zile. Virchow akakataa. Bunge lilizozana kidogo, jambo likafifia, na hakuna risasi iliyofyatuliwa.

Soseji ilizuka miaka mingi baadaye. Wanaosimulia wanasema Virchow, akiwa na haki ya kuchagua silaha, alileta soseji mbili, moja salama na nyingine imejaa minyoo ya trikina, akamwambia Bismarck achague ya kula. Kumbukumbu za wakati ule hazina kitu hicho. Lakini naelewa kwa nini hadithi iliganda kwake na si kwa mtu mwingine. Katika miaka hiyohiyo Virchow alikuwa akipiga kelele kwamba nyama ya nguruwe ikaguliwe kwa hadubini kabla ya kuuzwa, na wachinjaji na watengeneza soseji walimchukia kwelikweli. Watu wakaunganisha magomvi yake mawili wakapata kisa kimoja kitamu.

Sasa kwenye swali lenyewe. Umeuliza aliachaje udaktari. Hakuuacha. Alikuwa profesa wa patholojia, yaani elimu ya asili ya magonjwa, mpaka anakufa, na Taasisi ya Patholojia ya Berlin aliiongoza tangu 1856 hadi 1902. Siasa aliifanya juu ya kazi hiyo, na ukitaka kujua ilimwingiaje, lazima nikupeleke kijijini.

Rudolf Virchow alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1821 katika mji mdogo wa Schivelbein, Pomerania, ambao leo uko Poland na unaitwa Świdwin. Alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake alilima na kutunza hazina ya mji, lakini fedha za kumsomesha mtoto udaktari hakuwa nazo. Kijana aliokolewa na nafasi ya jeshi: mwaka 1839 alipokewa Berlin katika chuo kilichosomesha bure vijana werevu wa familia za kawaida ili wawe madaktari wa askari. Alihitimu 1843, akawekwa hospitali ya Charité kwenye chumba cha maiti, na hapo ndipo alipong'aa. Alieleza ugonjwa wa damu nyeupe akaupa jina la lukemia. Alionyesha kwamba bonge la damu lililoziba mshipa wa mapafu huenda limesafiri kutoka mguuni. (Yale mambo matatu unayoyakariri, yaani damu kuzorota, ukuta wa mshipa kujeruhika na damu yenyewe kuelekea kuganda, yanatoka katika kazi zake, lakini kuyapanga matatu na kuyabandika jina lake ni kazi ya watu waliokuja nyuma yake sana. Usimwambie msahihishaji wako.)

Basi mwaka 1847 njaa iliingia Silesia ya Juu, pembe ya kusini mashariki ya Prussia. Viazi vilioza shambani, na viazi ndivyo vilivyokuwa ugali wao. Mvua ikaleta mafuriko, halafu ikafuata homa ya chawa, ile inayopenda watu wenye njaa waliobanana kwenye chumba kimoja bila nguo za kubadilisha. Serikali ilikaa kimya mpaka magazeti yakaiaibisha. Februari 1848 ikatuma kamati ndogo kuchunguza, na ndani yake akawemo Virchow, umri miaka 26.

Alikaa kule wiki tatu hivi, katika wilaya za Rybnik na Pless. Alifanya aliyotumwa: alipima wagonjwa, akapasua maiti, akaandika dalili siku kwa siku. Lakini aliandika na mengine. Watu walisema Kipolishi, huku mwalimu, hakimu na daktari wakisema Kijerumani. Ardhi ilikuwa ya mabwana wakubwa waliokula mapato yake mbali, na kodi ilimwelemea asiye na kitu. Aliandika jinsi nyumba zilivyojengwa, nani analala wapi na mifugo, na shule zinafundisha nini, au tuseme hazifundishi nini. Kanisa nalo alililaumu, kwa ukali ambao mimi naona ulizidi, maana mapadre na watawa walikuwa miongoni mwa wachache waliokuwa tayari wanahudumia wagonjwa.

Halafu ikaja sehemu ya mapendekezo. Wizara ilitegemea dawa, labda karantini, labda chakula cha msaada. Kijana wa miaka 26 akaiandikia serikali ya mfalme kwamba tiba ya Silesia ni demokrasia kamili isiyo na mipaka, au kwa maneno yake mengine, elimu pamoja na binti zake wawili, uhuru na ustawi. Alitaka Kipolishi kiwe lugha rasmi kule, kanisa litengwe na serikali, watu wajitawale katika mambo yao ya mahali, kodi ihamie kwa wenye nacho, barabara zijengwe na kilimo kiboreshwe. Ripoti ile ndefu aliichapisha katika jarida lake la kitabibu, yaani ushauri wa kisiasa ukakaa kurasa chache tu kutoka kwenye maelezo ya wengu na utumbo. Ukiisoma leo utaona kwamba hakuhama somo. Alianza na swali la patholojia, kwamba watu hawa wamekufa na nini, akalifuata swali hilohilo mpaka likamfikisha kwenye kodi na shule.

Alirudi Berlin Machi. Siku chache baadaye, tarehe 18, mapinduzi yakalipuka jijini. Virchow alikuwa mtaani akisaidia kujenga kizuizi cha barabara karibu na Friedrichstraße, mkononi ana bastola moja. Alimwandikia baba yake habari hizo, na kwa barua alizomwandikia mzee wake mwaka ule utaona kwamba imani yake ya kitabibu na imani yake ya kisiasa zilikuwa zimekwisha kuwa kitu kimoja. Kiangazi hicho, yeye na mwenzake Rudolf Leubuscher walianzisha gazeti la wiki la kutetea mageuzi ya tiba. Humo ndimo yalimo maneno yanayobandikwa leo kwenye kuta za vyuo: kwamba madaktari ni mawakili wa asili wa maskini, na kwamba tiba ni sayansi ya jamii, nayo siasa si kitu zaidi ya tiba kwa upana wake. Wapiga kura walimchagua hata aende bungeni, akazuiwa na umri.

Mapinduzi yakashindwa. Mwaka 1849 gazeti likafungwa, na Charité ikamsimamisha kazi. Chuo kikuu cha Würzburg, katika Bavaria, kilimtaka kwa sayansi yake, ila kwa sharti kwamba asikigeuze kuwa uwanja wa siasa kali. Alikubali. Wapo wanaomlaumu kwa kukubali, mimi simo. Miaka saba aliyokaa Würzburg alioa, akaanza kulea, na akafanya kazi iliyobadilisha kila kitabu unachobeba begani: kwamba kila seli hutoka kwenye seli, na kwamba ugonjwa hauko katika maji ya mwili wala katika pepo, uko ndani ya seli zilizoharibika. Mihadhara yake 20 kuhusu jambo hili ilichapishwa Berlin 1858. Na hata humo siasa ilipenya. Mwili aliueleza kama dola ambalo kila seli ni raia, na ugonjwa ni mgogoro wa raia hao. Mtu aliyekatazwa kuhubiri jamhuri barabarani alikwenda akaihubiri ndani ya ini.

Berlin ilimrudisha 1856, na miaka mitatu baadaye akachaguliwa kuwa diwani. Kumbuka neno hilo, nitalirudia. Mwaka 1861 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Chama cha Maendeleo cha Ujerumani, pamoja na mwanahistoria Theodor Mommsen na mhandisi Werner Siemens. Mwaka 1862 akaingia Bunge la Prussia, na hakutoka mpaka kifo. Mwaka huohuo mfalme alimwita Bismarck aongoze serikali, kwa sababu wabunge walikuwa wamegoma kuidhinisha fedha za jeshi. Bismarck alitawala miaka minne bila bajeti iliyopitishwa na Bunge, huku Virchow akiwa kati ya wapinzani wake wakuu, hodari wa hesabu za serikali, mtu wa kusimama na karatasi na kuuliza fedha hii imekwenda wapi.

Na alishindwa. Naisema bila kuzunguka, kwa kuwa wasifu mwingi unaoandikwa na madaktari huipita haraka. Bismarck alipoipiga Austria 1866 alirudi bungeni akaomba yaliyopita yahalalishwe, akapewa kwa kura 230 dhidi ya 75. Waliberali walipasuka: wengi wakaenda kwa mshindi, Virchow akabaki upinzani na wachache, na tangu hapo katika siasa za taifa alikuwa sauti inayoheshimiwa na isiyofuatwa. Alikaa pia katika Bunge la Dola, Reichstag, kuanzia 1880 hadi 1893, akaondoka pale. Hapo kuna jambo la kukuchekesha kidogo, au kukusikitisha. Reichstag ilichaguliwa na wanaume wote, kura moja kwa kila mmoja. Bunge la Prussia, alikodumu miaka 40, lilichaguliwa kwa madaraja matatu ya kodi, tajiri mmoja akizidi maskini wengi. Baraza la jiji vivyo hivyo. Yule aliyeandika demokrasia kamili isiyo na mipaka alidumu zaidi pale ilipokuwa na mipaka mingi, na wafanyakazi wa Berlin, aliotetea mapafu yao na maji yao, walizidi kuwapigia kura wasoshalisti.

Jambo jingine gumu. Miaka ya 1870 Bismarck alipolibana Kanisa Katoliki kwa sheria, Virchow aliungana naye, na neno lenyewe la vita ile, Kulturkampf, yaani mapambano ya utamaduni, lilienea kutokana na hotuba yake ya Januari 1873. Vita hiyo iliwaumiza sana Wakatoliki wanaosema Kipolishi, wakiwemo haohao wa Silesia aliowaombea lugha yao miaka 25 kabla. Sijui kama mtu anaweza kuviweka vitu hivyo viwili mezani pamoja bila kuona haya.

Basi turudi kwa diwani.

Berlin aliyoikuta ilinuka. Maji ya bomba yalikuwa yamefika 1856, na wenye uwezo wakaweka vyoo vya maji, ila mabomba ya kupeleka uchafu hayakuwepo. Uliishia kwenye mitaro ya wazi kando ya barabara, na mitaro ikamwaga Mto Spree. Wengine walikuwa na mashimo uani yaliyotapishwa usiku. Kama umewahi kukaa Dar es Salaam wakati wa masika, jirani anapofungua shimo lake mvua ikinyesha ili maji yachukue, huhitaji nikueleze zaidi. Watu walikuwa wakiongezeka mno, na kufika 1871 walipita laki nane. Kipindupindu kilizuru, homa ya matumbo ilikaa.

Mjadala ulichukua miaka. Wapo waliotaka kinyesi kikusanywe kwa ndoo kipelekwe mashambani, kwa hoja kwamba kukitupa mtoni ni kutupa mbolea ya taifa. Wapo waliotaka mfereji mkubwa uumwage uchafu Mto Spree chini ya jiji, wanaoishi kule chini watajijua wenyewe. Wenye nyumba hawakutaka lolote lenye gharama. Virchow alifanya jambo la daktari: alikusanya takwimu za vifo, mtaa kwa mtaa na msimu kwa msimu, akalinganisha na kina cha maji ya ardhini na hali ya makazi. Aliandika ripoti kuu ya kamati, 1873, na mhandisi James Hobrecht akachora mpango. Jiji liligawanywa vipande 12, kila kipande na kituo chake cha pampu, na majitaka yakasukumwa nje ya mji kwenye mashamba yaliyonunuliwa na jiji. Huko ardhi iliyachuja na mboga zikaota. Mto ukapumua, na wenye hoja ya mbolea nao wakapata chao. Ujenzi ulianza mwaka huohuo wa 1873.

Orodha ya udiwani wake ni ndefu, nitaipunguza. Friedrichshain, hospitali ya kwanza ya jiji lenyewe, ilifunguliwa 1874, majengo yake yametengana ili hewa ipite. Ukaguzi wa nyama, ule wa wachinjaji waliomchukia, ulifanywa wa lazima. Shule alizitaka ziwe na mwanga na hewa, na wauguzi wafunzwe kazi hata kama si watawa. Hakuna hata moja katika haya linalotengenezewa sanamu ya farasi. Alikaa kwenye kamati jioni baada ya jioni, akitoka maabara. Hukumu yangu mimi ni hii: kama mbunge, Bismarck alimshinda, kama diwani, sijui daktari mwingine wa karne ile aliyeokoa watu wengi kuliko yeye bila kuwaandikia dawa.

Usimfanye mtume, lakini. Alimpinga daktari Semmelweis, aliyesema kwamba kwa mikono isiyooshwa madaktari wanawaua wanawake wanaojifungua. Vijidudu ambavyo daktari Robert Koch alisema ndivyo vinavyoleta magonjwa, alivitazama kwa shaka muda mrefu. Kwa akili yake iliyozaliwa Silesia, kusema ugonjwa ni kijidudu tu kulifanana na kumsamehe mwenye nyumba. Fuvu la Neanderthal, binadamu wa kale, alisema ni la mtu mgonjwa wa mifupa. Na mwaka 1887 kipande cha koo la mrithi wa taji, Friedrich, kililetwa kwake, naye hakuona saratani. Friedrich alitawala siku 99 akafa, Juni 1888.

Kuna pia habari ya mafuvu, nawe kama mtu wa Afrika Mashariki uijue. Virchow alipima vichwa vya watu wa dunia nzima, akaanzisha Berlin jumuiya ya anthropolojia 1869 na kuwahimiza wasafiri walete mifupa. Kwa upande mmoja, hesabu zake zilivunja uongo: alipima rangi ya nywele na macho ya watoto wa shule zaidi ya milioni 6 wa Ujerumani, akaonyesha kwamba hakuna taifa safi la weupe wenye nywele za dhahabu, na alisimama hadharani dhidi ya waliowachochea watu juu ya Wayahudi. Kwa upande mwingine, mlango wa kukusanya mafuvu ulibaki wazi. Baada yake mwanaanthropolojia Felix von Luschan alijaza makabati kwa mabaki ya watu wa koloni, na mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya elfu moja, mengi ya Rwanda, mengine ya Tanzania na Kenya. Wapo ndugu wanaoendelea kudai mababu zao hadi leo.

Mwenzako akikuuliza tena, mwambie hata kifo chake kilimkuta njiani akiwa na haraka. Tarehe 4 Januari 1902, umri miaka 80, aliruka kutoka kwenye tramu iliyokuwa bado inakwenda Leipziger Straße, akaanguka, mfupa wa paja ukavunjika. Hakupona sawasawa, na tarehe 5 Septemba akafa. Alikuwa amekaa bungeni Prussia miaka 40 na katika baraza la jiji miaka 43. Ibada ya mazishi, tarehe 9, haikufanyika katika Bunge lolote. Jeneza liliwekwa katika ukumbi wa jengo la halmashauri ya jiji.